Bolti namba 17

Nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima. Kwa wale walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, jibu ni hapana, nilikuwa chini ya gari. Yale mafunzo ya Python niliyoahidi yanakuja, vumilieni kidogo. Leo ni habari ya bolti.

Gari ni Toyota Fielder ya 2012. Breki ya mbele kulia ilianza kwa mlio mwembamba, nikaongeza sauti ya redio (ndiyo, najua). Baada ya wiki mbili mlio ukageuka kuwa msago, chuma juu ya chuma. Fundi ninayemjua alitaka shilingi 3,000 za kazi peke yake, vipuri juu yangu. Siku nyingine ningelipa nikanyamaza. Lakini kampuni niliyokuwa nikiiandikia programu ilikuwa imepunguza watu, nami nikiwa mmoja wao, na Jumatatu saa mbili asubuhi mama alikuwa na kliniki ya presha. Magoti yake hayamruhusu tena kupanda matatu. Basi Jumamosi nikaenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikanunua pedi nne na diski mbili, nikarudi Lucky Summer nikijiambia kwamba mtu aliyemaliza digrii ya sayansi ya kompyuta hawezi kushindwa na gurudumu.

Kwa wale ambao hawajawahi kuangalia nyuma ya gurudumu: diski inazunguka pamoja na gurudumu, na kalipa inaikumbatia kwa pedi mbili, moja ndani na moja nje. Kalipa inateleza juu ya pini mbili ili pedi zote zibane sawa. Pini hizo zimeshikwa na bano la chuma, na bano limefungwa kwa bolti mbili nene, namba 17. Kubadilisha pedi tu hakuhitaji kuzigusa. Kutoa diski kunahitaji.

Nikapiga jeki, nikaweka stendi, na gurudumu nililolitoa nikalilaza chini ya gari kama bima. Hapo sikufanya mzaha. Jeki ikiteleza haitoi ujumbe wa hitilafu kwanza.

Kalipa ilitoka vizuri, na chanzo cha shida kikaonekana. Pini moja ilikuwa imekauka, hakuna grisi hata tone, imeganda mahali pake. Pedi ya nje ilikuwa bado nene, ya ndani imeisha kabisa, imebaki bati linalochimba mitaro kwenye diski. Aliyeifunga mara ya mwisho aliona grisi ya shilingi mia ni anasa.

Halafu nikafika kwenye bolti za bano.

Ya juu, nikavuta. Haikusogea. Nikasimama juu ya spana kwa mguu mmoja. Haikusogea. Nikaenda kuomba kipande cha bomba kwa jirani anayechomelea mageti, nikakivisha kwenye spana ili mkono uwe mrefu. Hesabu yake ni rahisi: bolti inayohitaji nyutoni mita 100 ukiivuta kwa spana ya sentimita 20 inataka nguvu ya nyutoni 500, yaani uzito wa kama kilo 50. Kwa bomba la sentimita 80 inataka kilo 13 tu. Nikavuta kwa zaidi ya hizo kilo 13. Bolti ikalia, ikasogea kidogo sana, nikashangilia. Kisha ikakataa kabisa.

Mzee wa nyumba ya chini alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni akinitazama muda wote huo. Zamani aliendesha matatu, na enzi hizo dereva alikuwa pia fundi.

"Kijana," akaniita, "hiyo unafungua ama unafunga?"

"Nafungua, mzee."

"Sogea. Kichwa cha hiyo bolti kinaangalia wapi?"

Kilikuwa kinaangalia ndani, kuelekea injini. Mimi nilikuwa nimesimama nje, kwa upande wa diski, nimepitisha spana nyuma na kuivuta kana kwamba kichwa kiko mbele yangu. Ukitazama bolti kutoka upande wake wa nyuma, mwelekeo unageuka. Kwa dakika arobaini nilikuwa naikaza kwa bomba la sentimita 80. Nimewahi kutafuta alama ya kutoa iliyowekwa badala ya kujumlisha kwa siku mbili, lakini sikuwahi kufikiri kosa hilo linaweza kuniumiza bega.

Nikageuza upande. Ya juu ikapiga kelele kama risasi, ikafunguka.

Ya chini ilikuwa hadithi nyingine, maana hiyo ilishika kweli. Karatasi ya mnada iliyokuja na gari inasema lilitoka Sapporo. Huko kaskazini mwa Japani barabara za majira ya baridi humwagiwa chumvi na dawa za kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inapanda chini ya gari na kukaa. Sisi tunanunua gari lililotumika, tunahesabu umri wake lisizidi miaka minane kama sheria yetu inavyotaka, tunaangalia rangi na viti. Nani anaangalia bolti? Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka, kwa hiyo ndani ya nyuzi inavimba na kubana. Nikaipulizia WD-40. Jina hilo linatokana na kazi yake ya kwanza mwaka 1953, kufukuza maji. Kupenya kutu si kazi yake kubwa. Na spana yangu ya Gikomba, ya pembe kumi na mbili na mdomo uliopanuka, ikateleza. Mara ya tatu kichwa cha bolti kikaanza kuwa mviringo.

Hapo nikaogopa. Kumi na mbili jioni, gari juu ya stendi, mama ameshapiga simu kuuliza tutatoka saa ngapi.

Yule mchomeleaji akajitolea kuleta gesi aipashe moto. Joto linasaidia kweli, chuma kinatanuka na kutu inavunjika. Lakini bomba la mpira la breki lilikuwa karibu na bolti kuliko upana wa kiganja, na ndani yake mafuta ya DOT 3, ambayo hata yakiwa mapya yanaweza kuchemka kwenye nyuzijoto 205. Nikamshukuru, nikakataa. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akasema niache spana, nilete mafuta ya kupenya ya kweli, nipake, nigonge kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa kisha nikalale. "Usiku utafanya kazi," akasema. Nikapaka saa moja, saa tatu, na saa tano nikitumia mwanga wa simu.

Jumapili asubuhi, spika za kanisa la ng'ambo zikiwa zimeshaanza, mzee akatoka na soketi ya namba 16 ya pembe sita. Ndogo kuliko bolti kwa namba moja, makusudi. Tukaigongelea kwa nyundo mpaka ikakiuma kile kichwa kilichochakaa. "Kwanza ikaze kidogo," akasema, na safari hii nilijua kukaza ni upande gani. Kidogo tu, kuvunja kutu. Kisha nyuma. Robo mzunguko, mbele tena, nyuma tena, mafuta. Ikatoka ikiwa na unga wa kahawia kama kahawa.

Nyuzi zake zilikuwa nzuri. Nilishawishika kuirudisha, nani angejua? Lakini kichwa kisichoshikika hakikazwi kwa kipimo, na bolti hiyo ndiyo inayozuia kalipa isizunguke na gurudumu. Bolti ya vifaa vya ujenzi yenye unene uleule nayo haifai: zile zilizopigwa chapa 8.8 zina nguvu ya megapascal 800, zile laini za mageti ni karibu nusu yake. Nikapanda boda mpaka Kariobangi Light Industries, nikazunguka hadi saa saba, nikapata iliyotolewa kwenye gari kama langu. Shilingi 150. Nikalipa bila kubishana.

Upande wa kushoto ulichukua dakika hamsini, pini zote zikapata grisi.

Nikafunga magurudumu, nikashusha gari, nikawasha. Mzee akagonga kioo kabla sijaweka gia. "Kanyaga breki kwanza." Nikakanyaga, pedali ikaenda mpaka sakafuni kama hakuna kitu. Pistoni zilikuwa zimerudishwa nyuma, pedi hazijafika kwenye diski. Nikakanyaga tena na tena mpaka ikasimama ngumu. Lango la ploti yetu linafunguka kwenye mteremko, na watoto walikuwa wanacheza mpira pale chini.

Jumatatu mama aliingia, akafunga mkanda, tukafika Outer Ring Road kabla hajasema lolote. Kisha akanyoosha mkono akapunguza redio.