Mboni Mbili

Kaa na mwanao mlangoni jioni. Mtazame machoni. Ule mduara mweusi katikati ya jicho huitwa mboni. Juani mboni husinyaa, gizani hupanuka. Kazi hiyo huongozwa na mishipa ya fahamu.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa kwa shida. Bega lilikwama, akavutwa. Baadaye tuliona kope ya jicho lake la kushoto imelegea kidogo. Jioni mboni ya kulia ilipanuka, ya kushoto ikabaki ndogo. Majirani walinong'ona kuwa mama yake amevunja mwiko. Mke wangu akawa anamfunika mtoto uso kwa kanga. Mimi, ninayewafundisha watu wazima, nilinyamaza. Miezi minne ikapita.

Hospitalini daktari alitueleza. Mshipa mmoja wa fahamu hutoka kwenye ubongo, hushuka hadi kifuani, kisha hupanda shingoni mpaka jichoni. Shingo ikivutwa sana wakati wa kuzaliwa, mshipa huo huweza kuumia. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Horner, daktari wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1869. Mtoto huweza kuona vizuri. Lakini mara nyingine chanzo ni uvimbe wa saratani shingoni au kifuani. Kwa hiyo alimpima mtoto wetu. Hakuwa na uvimbe.

Je, kama angekuwa nao? Tungekuwa tumepoteza miezi minne kwa sababu ya aibu.

Ukiona mboni za mtoto hazilingani, usimlaumu mama. Mpeleke mtoto hospitali upesi.