Samaki Mkavu Alipokunjika

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii niliikariri utotoni bila kuitafakari. Nilipotimiza miaka 26 ikanigeukia hukumu. Nilikuwa mchezaji ngoma katika kundi letu la sanaa chuoni, ilhali nikiinama vidole vyangu hukomea chini kidogo ya magoti. Jioni moja mwenzangu alinikandamiza mgongo kwa nguvu ili nifikie vidole vya miguu. Msuli wa nyuma ya paja ukatetema, kisha ukachanika. Siku ya onyesho nililitazama kutoka kwenye kiti cha ukumbini, paja limefungwa bendeji.

Jeraha lilipopona, tabibu wa viungo alinifunza jambo. Ndani ya misuli mna vihisi ambavyo, msuli unapovutwa kwa ghafla, hupeleka habari kwenye uti wa mgongo. Nao uti, pasi na kungoja idhini ya ubongo, huuamuru msuli ujikaze. Wanasayansi Liddell na Sherrington walilieleza tendo hilo mwaka wa 1924. Kumbe mwenzangu alipozidi kusukuma, neva zangu zilizidi kukataa! Haukuwa ukaidi, ulikuwa ulinzi.

Tiba yake ilikuwa ya upole. Nililala chali, naye akauinua mguu wangu hadi nilipohisi mvuto. Nikausukuma mkono wake kwa kisigino kwa sekunde 6, nikalegea, nikashusha pumzi. Mguu ukapanda zaidi. Mbinu hiyo ina asili yake katika kazi ya daktari Herman Kabat nchini Marekani miaka ya 1940. Siku nyingine nilitulia katika mnyoosho mmoja kwa sekunde 30. Baada ya miezi 3, vidole vya mikono vilikutana na vya miguu. Watafiti wengi siku hizi hueleza kuwa katika majuma ya mwanzo msuli wenyewe haurefuki sana. Aghalabu ni mfumo wa neva uliojifunza kuustahimili mvuto.

Je, wahenga walikosea? La hasha! Wao walizungumzia malezi. Hata hivyo, mimi ni mwalimu mtarajiwa, na darasani nitawakuta wanafunzi walioitwa wakavu. Huenda nao wamejikaza kwa hofu tu. Nikiwakandamiza watachanika, nikiwangoja walegee, watakunjika.