Wachezaji wa Ridhaa, kwa Ridhaa ya Nani?

Januari ya mwaka juzi niliweka mtandaoni video yenye urefu wa dakika sita. Ilionyesha mikono yangu na usukani wa baiskeli, nikishuka kwa kasi kutoka Morningside, katika miteremko ya Uluguru, hadi ukingoni mwa mji wa Morogoro. Katika dakika ya nne, penye kona kali chini ya migomba, anatokea mwanamke aliyejitwisha tenga. Anashtuka, anaruka kando, anapotea. Yote hayo ni sekunde mbili. Kisha njia inaendelea, nami naendelea nayo.

Video hiyo ilipendwa kuliko andiko lolote nililowahi kuchapisha katika ukurasa huu. Nimeandika hapa juu ya Katiba, mikopo ya wanafunzi na bei ya mbolea, na wasomaji wangu mnajijua kwa uchache wenu. Video ya baiskeli ilitazamwa na maelfu katika wiki moja, na sehemu iliyopendwa zaidi ilikuwa zile sekunde mbili. Mtu nisiyemfahamu alizikata, akazirudiarudia, akaziwekea muziki. Vijana wakampa yule mwanamke jina la Mama Tenga. Nakiri kwamba nami nilicheka.

Leo naandika kuhusu kicheko kile, kwa kuwa naamini kinatuhusu wengi zaidi ya sisi wachache tunaopanda milima na baiskeli.

Kundi letu ni dogo: walimu wawili, karani wa benki, fundi wa pikipiki na vijana watatu wa chuo. Baiskeli zetu ni za mtumba. Ukivunjika mnyororo huko juu, unashuka kwa miguu na kungoja mwezi uishe. Hakuna anayelipwa wala mwenye mdhamini. Jumamosi alfajiri tunazisukuma baiskeli kupanda kwa saa tatu, ili tushuke kwa muda usiofika nusu saa. Anayejua hesabu atauliza faida iko wapi. Jibu pekee nililo nalo ni kwamba katika nusu saa ile sifikirii kikao chochote, deni lolote wala mitihani isiyosahihishwa.

Tulianza kujipiga video kwa sababu ambayo hata sasa naiona njema. Kwa miaka mingi milima yetu imepigwa picha na wageni, kwa ajili ya wageni. Kijana wa Kitanzania akionekana katika picha hizo, aghalabu ni yule aliyebeba mzigo wa mtalii. Tulitaka kuonekana tukicheza katika mlima wetu wenyewe, kwa furaha isiyo na mteja. Fundi wetu wa pikipiki aliwahi kuniambia kwamba watoto wake walimwona katika simu akiruka juu ya mzizi mkubwa, wakamwangalia kwa macho mengine. Sidhani kama mwanasiasa yeyote amewahi kumpa heshima ya namna hiyo.

Mchezo huu tangu asili ni wa watu wa namna yetu. Oktoba 1976, katika vilima vya Marin huko California, karibu na Mlima Tamalpais, vijana wenye baiskeli nzito za zamani walianza kushindana kushuka njia ya vumbi waliyoiita Repack. Jina hilo lilitokana na kazi iliyowangoja chini: breki ya nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi waifungue na kuijaza grisi mpya. Miongoni mwao walikuwamo Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, ambao baadaye walikuwa kati ya waanzilishi wa biashara ya baiskeli za milimani. Waliokuja na kamera nao walianza vivyo hivyo. Mwaka 2009 Danny MacAskill, kijana wa Scotland aliyekuwa akifanya kazi katika duka la baiskeli mjini Edinburgh, alirekodiwa na rafiki yake akicheza juu ya kuta na uzio wa mji ule. Video hiyo isiyofika dakika sita ilitazamwa na mamilioni, ikawafundisha vijana wa dunia nzima kwamba baiskeli, rafiki mmoja na kamera vinatosha.

Kiswahili kina jina zuri kwa watu kama hawa. Tunawaita wachezaji wa ridhaa. Hawalazimishwi na mkataba, wanacheza kwa kuwa wameridhia. Nililipenda sana jina hilo hadi siku mwanafunzi wangu mmoja alipobisha hodi ofisini.

Alikuwa binti wa mwaka wa pili, msikivu, asiyezoea kuzungumza darasani. Nilidhani amekuja kuhusu alama zake. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, samahani. Yule mama wa kwenye video yako ni mama yangu mkubwa."

Nilimuuliza kama aliumia.

"Goti kidogo. Lakini mafyulisi yote yalikwenda bondeni."

Sikuelewa. Nilikuwa nimeitazama video ile mara nyingi kuliko mtu yeyote, na hakuna mahali palipoonyesha mtu akianguka au tunda likimwagika. Ilinichukua muda kuona jambo ambalo mtoto angeliona mara moja: kamera ilikuwa juu ya helmeti yangu, ikitazama mbele. Alianguka nikiwa nimekwisha kumpita. Kelele za matairi na upepo zilimeza sauti yake, kama alipiga kelele. Nilikuwa na ushahidi wa dakika sita, na katika ushahidi huo sikuwa na kosa lolote.

Jumapili iliyofuata nilipanda kwa miguu, nikiongozwa na yule binti. Njia niliyodhani naijua niliiona kwa mara ya kwanza. Nilipita kando ya vibanda vitatu ambavyo sikuwahi kuviona, kwa kuwa kwenye kushuka macho yangu huwa hatua tano mbele ya gurudumu. Tuliwapisha akina mama waliokuwa wakishuka sokoni na mikungu ya ndizi na mboga, shingo zimenyooka, ngata kichwani, nyayo zikichagua mahali pa kukanyaga bila kutazama chini. Kila mmoja alitusalimu. Nilijiuliza ni wangapi kati yao nilikwisha kuwapita kwa kasi nisiweze hata kuitikia.

Mwenyeji wetu alikuwa akipepeta maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni, kaeni."

Nilijieleza kwa maneno mengi mno, kama tunavyofanya wasomi tukiwa na aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Hiyo baiskeli yako haina kengele?"

Haikuwa nayo. Baiskeli za namna ile nyingi huuzwa bila kengele. Nilimweleza hivyo, na nilipokuwa nikimweleza nikasikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa. Baiskeli ya muuza mkaa ina kengele. Baiskeli ya muuza samaki ina kengele. Yangu, ambayo hata kwa mtumba ina bei ya zote mbili, ilitengenezwa kwa ajili ya njia isiyo na watu.

Kisha akanieleza habari za mafyulisi, bila hasira, kama mtu anayesoma hesabu. Tenga lile lilikuwa la kulipa marejesho katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Aliokota yaliyookoteka, lakini tunda lililobonyea halina mnunuzi. Kuhusu video hakuwa na mengi ya kusema. Alionyeshwa na kijana sokoni. Kilichomuuma ni lile jina. "Mimi nina jina langu," alisema. Analo, na nimeliuliza. Silitaji hapa kwa kuwa hakunipa ruhusa.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani aliingilia kati. Alitaka kunionyesha kitu. Hatua chache chini ya nyumba, pale ambapo sisi hufunga breki kabla ya kona, matairi yetu yalikuwa yamechimba mfereji mwembamba katikati ya njia. Mvua ikinyesha maji hufuata mfereji ule, huacha njia kwenye kona na kuingia katika shamba la mahindi. Njia ile, alisema, hawakuchongewa na halmashauri. Wanaifyeka na kuijaza udongo wenyewe kila mwaka kabla ya masika. "Ninyi mnadhani imeota," alisema.

Kuambiwa habari za udongo pale Uluguru si jambo dogo. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa milima hiyo kulima matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, bila kuwasikiliza waliokuwa wakiijua ardhi ile kwa jembe. Mwaka 1955 Waluguru waliinuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ule ukaachwa. Waliokuja na amri za kuuhifadhi mlima walikuja kutoka nje, na sisi tuliokuja kuuchimba kwa matairi vilevile tumetoka nje, hata kama nje yetu ni kilomita chache tu kutoka chini ya mlima.

Sasa niwageukie ninyi mnaonisoma kwa sababu ya siasa. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wanablogu wapate leseni na kulipa ada zilizozidi shilingi milioni mbili, nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Sijutii. Dola isiyotaka kutazamwa ni dola ya kuogopwa, na Ibara ya 18 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kutoa maoni. Lakini katika mjadala wote ule tulizungumza kana kwamba kuna pande mbili tu, Serikali na sisi tunaorusha habari. Upande wa tatu, yaani mtu anayerushwa, haukuwa na kiti. Ibara ya 16, inayolinda faragha, tuliisoma kwa haraka tukielekea ya 18. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni jambo jema, lakini mama yule hatashuka mlimani kufungua shauri dhidi ya mhadhiri. Sheria humsaidia anayejua mlango wake.

Wenzetu waliotutangulia katika mchezo huu wamelazimika kujibu swali la njia. Kule Marin malalamiko ya watembeao kwa miguu yalifanya baiskeli zizuiwe katika njia nyingi nyembamba, na pale ziliporuhusiwa ukawekwa kikomo cha maili 15 kwa saa. Scotland ilichagua mkabala mwingine. Sheria yake ya ardhi ya mwaka 2003 iliwapa watu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya ardhi, kwa miguu au kwa baiskeli, mradi wapite kwa kuwajibika. Haki na wajibu viliandikwa pamoja. Mimi naipenda njia hii ya pili, ila najua haiwezi kusimama kwa karatasi peke yake.

Na msidhani kwamba lawama ni ya waendesha baiskeli tu. Afisa anayekabidhi madawati huku akipigwa picha na watoto wasioulizwa, ana kamera juu ya helmeti. Mwanaharakati anayeweka mtandaoni uso wa mwanamke aliyepigwa, ili kampeni yake ionekane, anayo pia. Mwanafunzi anayerekodi ajali ya bodaboda kabla ya kumwinua majeruhi, vilevile. Kila mmoja ana nia njema mbele yake, na hakuna anayeona kilichoanguka nyuma.

Niliifuta video ile, ingawa vile vipande vilivyokatwa na wengine bado vinazunguka, na sina uwezo wa kuvirudisha. Nililipa thamani ya tenga. Alipokea, akanirudishia chenji, kwa kuwa baadhi ya matunda aliyauza kwa bei ya chini na hakutaka yahesabiwe. Kundi letu lilikutana na kubishana usiku kucha. Tulikubaliana mambo manne: kila baiskeli iwe na kengele, tukikutana na mtu mwenye mzigo tushuke na kusimama, tusishuke siku mbili baada ya mvua kubwa, na uso wa mtu usiende mtandaoni kabla ya mwenyewe kuulizwa. Vijana wawili walijitoa. Mmoja aliniambia kwa adabu kwamba video ya mtu anayeshuka na kusimama kila kona haina mtazamaji. Amesema kweli. Video yetu ya mwisho ilitazamwa na watu sitini na mmoja.

Februari iliyopita, kabla ya masika, tulipanda na majembe badala ya baiskeli. Wenyeji walitupangia kipande kifupi cha njia, kile chenye kona ya migomba, nasi tulikijaza udongo na mawe hadi jua la saa saba. Kazi yetu haikuwa nzuri, na mzee wa barazani alituambia hivyo, kisha akatuonyesha namna ya kulaza jiwe ili maji yalipite pembeni. Mama mkubwa wa mwanafunzi wangu alituletea uji. Mmoja wetu, kwa mazoea, alitoa simu mfukoni, akamtazama.

"Mama, naweza?"

"Leo hapana," alijibu. "Nina udongo mpaka usoni."

Simu ikarudi mfukoni, nasi tukaendelea kunywa uji.