Mlango wa Hofu: Majina ya Mwanzo katika Sinema ya Kutisha

Mhakiki mmoja aliyelelewa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa na desturi iliyowachosha wenziwe: hakukubali kuingia sinema baada ya taa kuzimwa. Kwake yeye, aliyeyakosa majina ya mwanzo alikuwa ameikosa sehemu ya filamu yenyewe. Wenziwe walishikilia kwamba majina yale ni orodha ya waajiriwa tu. Hoja yao yaweza kukubalika kuhusu filamu nyingine. Kuhusu sinema ya kutisha, haisimami.

Chanzo cha msimamo wake kilikuwa barazani. Nyanya yake, kabla ya kulileta zimwi, aliita "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!" Fomyula hii aghalabu hufafanuliwa kuwa ni njia ya kuituliza hadhira. Maelezo hayo ni pungufu. Anayeitika huwa amefunga mkataba: ameingia kwa hiari yake, na zimwi likitokea hana wa kumlaumu. Hata hivyo, hofu yake ina kinga, kwani uso wa fanani anauona na sauti za wenziwe zimemzunguka.

Sinema haina mwitiko. Katika enzi za kumbi kama Regal na Naaz, filamu nyingi za Kihindi zilitanguliza majina kwa hati tatu: Kilatini, Devanagari na Kiurdu. Mtoto aliyesoma chuoni aliweza kuzitambua herufi nyingi za Kiurdu pasi na kufahamu neno. Jicho likashughulika, sikio likabaki bila ya mlinzi, na muziki ukapenya. Hapo ndipo penye kitendawili cha fani hii: maandishi yanakiri kwamba kazi imebuniwa na watu wenye majina, ilhali muziki unamshawishi mtazamaji asiyasadiki maungamo hayo.

Mfano ulio bayana ni Psycho (1960) ya Alfred Hitchcock. Katika ufunguzi uliosanifiwa na Saul Bass, mistari inapita na majina yanakatika vipande, huku muziki wa Bernard Herrmann, uliotungiwa ala za nyuzi peke yake, ukienda mbio. Kisha linafuata jambo la ajabu: hadithi yaanza mchana, katika chumba cha hoteli mjini Phoenix, kwa wapenzi wawili na shida zao za fedha. Mauaji ya kwanza hayatokei mpaka baada ya takriban dakika 45. Muda wote huo, mtazamaji anaishi kwa akiba ya hofu aliyowekewa mwanzoni.

Miaka mingi baadaye, mhakiki huyo aliitazama filamu hiyo pamoja na mpwawe. Kijana alisogeza mbele majina yote, kama ilivyo kawaida tangu vitufe vya kuruka utangulizi vienee. Haukupita muda, akauliza, "Mjomba, mbona haianzi?" Alichokiona yeye kilikuwa kisa cha mwanamke aliyeiba fedha, akiendesha gari.

Kijana hakukosa umakini, alikosa mkataba. Uhakiki wa fasihi, ambao kwa muda mrefu umezishughulikia fomyula za ngano kama mapambo, una la kujifunza kutokana na swali lake. Hofu haizaliwi pale zimwi linapotokea. Huzaliwa pale msikilizaji anapokubali kuwa litakuja.