Mfumo wangu ulimponza mama mdogo!

Msomaji wangu, umeshawahi kumtendea mtu wema, halafu wema wenyewe ukataka kumwangamiza? Mimi yamenikuta, tena hapa hapa Mbalizi. Nusura mama yangu mdogo aitwe mwizi mbele za watu.

Mama mdogo anauza viazi sokoni na ni mweka hazina wa kikoba chao. Wako 24, hisa moja shilingi 2,000, na mwisho hisa tano kwa kikao. Pesa inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanashika akina mama watatu tofauti. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari la kaunta lililochakaa mpaka likafungwa kwa kamba.

Mimi ndiye msomi wa kompyuta wa ukoo. Nikaliona lile daftari, nikacheka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi kama hivi daraja la nne, chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na kazi ya kuvisajili ikakasimiwa kwa halmashauri. Siku hizi kikundi lazima kisajiliwe na vitabu vyake vieleweke. Halafu kuna ule mkopo usio na riba, unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi 2024, na akina mama walikuwa wanaumezea mate. Nani atakupa mshiko wakati hesabu zako zimefungwa kamba?

Basi bwana, nikakesha mwezi mzima nikatengeneza mfumo wa mtandaoni. Bomba la mfumo! Rangi ya bluu, michoro ya duara, vitufe vimeandikwa Kiingereza cha wahasibu. Washikaji zangu wa Mbeya mjini wakanisifia, na mimi kichwa kikavimba. Mama mdogo nilimfundisha kwa nusu saa tu. Kila nikimuuliza, "Umeelewa, mama?" anaitikia, "Nimeelewa, mwanangu." Kumbe alikuwa ananionea huruma.

Siku ya kikao cha kuandaa maombi ya mkopo nikaja na taarifa nimeichapa, nimevaa na shati la mikono mirefu. Nikaanza kusoma majina na hisa za kikao kilichopita. Nilipomaliza, kimya. Kisha mama mmoja akasimama: "Hisa zangu tano ziko wapi?" Mwingine akasimama. Wakafika saba. Kila mmoja alilipa 10,000, na kwenye karatasi yangu hakuna kitu. Shilingi 70,000 hazionekani!

Ikawa kasheshe. Wote wakamgeukia mama mdogo. Yeye hakujibu, alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Mimi jasho linanitoka, na Mbalizi ilivyo na baridi!

Mwenyekiti, mama mtu mzima, hakupiga kelele. Akasema, "Leteni funguo." Kufuli tatu zikafunguliwa, pesa ikahesabiwa kwa sauti, noti moja moja. Kwa bahati hakuna aliyekuwa amekopa kikao kile. Sanduku likazidi karatasi yangu kwa shilingi 70,000 kamili. Pesa ipo yote! Mwongo alikuwa mfumo wangu.

Usiku nikamuuliza mama mdogo ilikuwaje. Siku ile alijaza majina yote 24, mtandao ukasumbua, mfumo ukamtoa nje na kila kitu kikafutika, maana mimi niliupanga usihifadhi chochote mpaka abonyeze kitufe cha mwisho. Akarudia saa sita usiku huku anasinzia, akaruka saba. "Mbona hukuniambia, mama?" Akajibu, "Uliufurahia sana, mwanangu. Nikajua mjinga ni mimi."

Msomaji wangu, lile neno lilinichoma. Nilikuwa nimetengeneza kitu cha kumfurahisha ofisa atakayesoma taarifa, nikamsahau anayeijaza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, bando la kuungaunga, na uchovu wa kutwa nzima sokoni.

Nikaanza upya, safari hii nimekaa kwenye kikao chao kama mwanafunzi. Sasa mfumo unauliza kwa mpangilio wao: mahudhurio, hisa, mfuko wa jamii, marejesho, faini. Lugha ni ya kwao. Kila jina likijazwa linahifadhiwa hapo hapo kwenye simu, hata kama mtandao haupo. Ukiandika 70000, chini linatokea neno "elfu sabini", ili sifuri ikizidi uione. Na kikao hakifungwi mpaka wale akina mama watatu wa funguo kila mmoja aweke namba yake ya siri. Wazo hilo nimeliiba kwenye sanduku lao. Wenzangu walikuwa na ulinzi tangu zamani, mimi nilikuwa nacheka kamba.

Taarifa ya safari hii ilisomwa kikaoni, hakuna aliyesimama. Maombi yamepelekwa, tunasubiri.

Daftari la kaunta je? Mama mdogo bado analo, na bado anaandika. Nilipomuuliza kwa nini, akacheka: "Wewe nakuamini, mwanangu. Mtandao ndio sijauzoea." Nimenunua kamba mpya nikamfungia mwenyewe.