Chujio Langu Lilimtupa Binamu Yangu

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini barua pepe zenu nimezipata. Nyingi zinauliza jambo moja: "Natuma CV kila siku na hakuna anayejibu. Je, ni kweli kwamba kuna tarakilishi inayozisoma na kuzitupa kabla ya mtu kuziona?"

Jibu fupi: wakati mwingine, ndiyo. Najua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika programu ya aina hiyo, nayo ikamtupa mtu wa damu yangu. Leo nitawasimulia kisa hicho, kisha tuone jinsi ya kuandika CV ambayo mashine itaweza kuisoma na ambayo itampendeza yule mtu anayeketi nyuma ya mashine.

Mwaka wa 2019 nilikuwa mwandishi wa programu katika kampuni moja jijini Nairobi (jina lake tuliache). Tulitangaza nafasi moja tu, ya mwandishi wa programu anayeanza kazi. Baada ya wiki mbili tulikuwa na maombi 640. Afisa wa rasilimali watu alikuwa mmoja. Akanijia na kikombe chake cha chai mkononi, akasema, "Wewe si mtu wa tarakilishi? Hebu nisaidie kupunguza huu mzigo."

Nikaona ni jambo dogo. Nilitumia jioni mbili, lugha ya Python, na pdftotext, ile programu ya bure inayotoa maandishi kutoka kwa faili ya PDF. Programu yangu ilifungua kila CV, ikatoa maandishi, kisha ikatafuta maneno niliyopewa: Python, Java, SQL, Linux, "Bachelor", "Certified", "web development" na mengine machache. Kila neno alama moja. Aliyepata alama 5 au zaidi aliingia kwenye orodha ya kusomwa. Aliyepata 4 kushuka chini, faili yake haikufunguliwa na mtu yeyote.

Waliovuka walikuwa 52. Afisa akafurahi. Mkubwa wangu akanisifu mbele ya watu kwenye mkutano wa Jumatatu. Nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Desemba ikafika, nikaenda nyumbani Kitale. Binti ya shangazi yangu alikuwapo. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na bado alikuwa anakanyaga lami. Tulikuwa jikoni, yeye anasukuma chapati, mimi nasubiri kula. Akaniambia kama mtu anayezungumzia mvua, "Kaka, hata kwenu niliomba. Sikukwambia kwa sababu sikutaka watu waseme nimeingia kwa mlango wa nyuma."

Majina yetu ya ukoo ni tofauti, kwa hivyo hata kama jina lake lingeonekana kazini hakuna ambaye angegutuka. Lakini halikuonekana. Nilijua mara moja kwamba hatukumkataa. Hatukumsoma!

Usiku ule nilimwomba faili yake, nikafungua kipakatalishi, nikaipitisha kwenye programu yangu. Alama 2.

Nikaanza kutafuta zile alama nyingine zilikokwenda. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Alikuwa ameteremsha kiolezo kizuri sana kutoka mtandaoni, chenye safu mbili na rangi ya samawati. Ujuzi wake aliuonyesha kwa nembo na nyota: nembo ya Python na nyota nne, nembo ya Java na nyota tatu. Kwa macho inapendeza. Kwa mashine, nembo ni picha, na picha haina maandishi. Alama mbili zikapotea hapo.

Zile safu mbili nazo zilileta balaa lao. PDF, ambayo Adobe iliitoa mwaka wa 1993, ilibuniwa ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila skrini na kila printa. Ndani yake kwa kawaida hakuna aya wala sentensi, bali herufi na mahali pa kuziweka kwenye ukurasa. Programu inayotoa maandishi hulazimika kukisia mpangilio. Kwa CV yake, ilisoma mstari kutoka kushoto hadi kulia ikivuka safu zote mbili. Neno "web" lilikuwa mwishoni mwa mstari, "development" likaanza mstari uliofuata, na katikati yake pakaingia jina la shule yake ya upili. Alama nyingine kwaheri.

La tatu lilinishangaza hata mimi. Fonti aliyotumia huunganisha herufi f na i ziwe umbo moja. Umbo hilo lina namba yake katika Unicode, U+FB01. Wewe ukiangalia utaona "Certified" tu. Programu yangu ilikuwa inatafuta f ikifuatwa na i, ikakuta herufi moja isiyoijua, ikapita.

La nne lilikuwa kosa langu mchana kweupe. Nilitafuta "Bachelor". Yeye aliandika BSc, kama wanavyoandika nusu ya Wakenya.

Ukizirudisha alama hizo zote, alistahili 7.

Lakini kulikuwa na jambo la tano, na hili si la mashine. Akiwa chuoni aliandika programu ya USSD iliyowawezesha wakulima wapatao 300 wa chama cha ushirika kuangalia kwenye simu zao za kawaida wamepeleka kilo ngapi za maziwa. Kazi halisi, iliyotumiwa na watu halisi! Nayo ilikuwa imefichwa mwisho wa ukurasa wa tatu, baada ya netiboli na kwaya. Hata kama faili ingefunguliwa, msomaji aliyekwisha kuchoka asingefika huko.

Asubuhi nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Basi keti hapa tuiandike upya."

Tuliyoyafanya siku ile ndiyo ninayowapa nyinyi leo:

1. Pima CV yako mwenyewe. Fungua PDF, chagua maandishi yote, nakili, ubandike kwenye Notepad. Unachokiona hapo kinakaribia sana kile ambacho mashine inakiona. Ukikuta vurugu, hata mashine itakuta vurugu. Usipoweza kuchagua maandishi kabisa, faili yako ni picha, kama zile zilizopigwa skani kule saiba.

2. Tumia safu moja, vichwa vya kawaida na fonti ya kawaida. Jina, simu na barua pepe viweke ndani ya ukurasa wenyewe, si kwenye ule ukanda wa juu au wa chini unaojirudia kila ukurasa, kwa sababu baadhi ya programu huuruka. Ujuzi uandike kwa maneno. Nyota nne hazimwambii mtu chochote hata hivyo. Nne kati ya ngapi, na nani alizihesabu?

3. Soma tangazo na utumie maneno yake, pale yanapokuwa kweli kwako. Kama tangazo linasema PostgreSQL nawe umeandika "hifadhidata" tu, usitarajie mashine ikukisie. Kifupi cha shahada au cheti kiandike pamoja na kirefu chake, angalau mara moja.

4. Usifiche maneno kwa rangi nyeupe. Najua kuna wanaofundisha mbinu hii. Maandishi yakishatolewa kwenye PDF rangi haipo tena, na anayeyasoma ataona maneno yako yote ya siri yamejipanga foleni. Atajua wewe ni mtu wa namna gani kabla hamjaonana.

5. Jaza fomu kwa makini. Kwenye mifumo mingi kinachokuondoa papo hapo si CV bali maswali ya ndiyo au hapana: una shahada? Una uzoefu wa miaka mitatu? Jibu la haraka hapo linaweza kukufungia mlango.

6. Weka kazi yako bora juu, na useme ulifanya nini, kwa ajili ya nani, kukawa nini. Mstari wa binamu yangu ulikuwa "nilishiriki katika mradi wa USSD". Tukaufanya "niliandika huduma ya USSD inayowaonyesha wakulima 300 kilo za maziwa waliyopeleka". Tukauhamisha kutoka ukurasa wa tatu hadi nusu ya kwanza ya ukurasa wa kwanza. Hakuna uongo ulioongezwa.

7. Ondoa yasiyohitajika. Namba ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa na alama za shule ya msingi si za kumpa kila mtu kabla hata hujaitwa. Kurasa tatu zikawa mbili. Na tafadhali, faili iitwe kwa jina lako, si "CV mpya ya mwisho kabisa 3".

Siku hizi baadhi ya programu za kuchuja hazihesabu maneno kama yangu ilivyofanya. Zinatumia modeli kubwa za lugha, ambazo huelewa kwamba BSc ni shahada. Hilo ni jema. Lakini nazo kwa kawaida hulishwa maandishi yaleyale yaliyotolewa kwenye faili, na yakiwa yamevurugika zinasoma vurugu. Tena zina upofu wake. Oktoba 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliacha chombo chake cha kuchuja waombaji kwa sababu kilijifunza kutoka kwa CV za miaka kumi, nyingi za wanaume, kikaanza kuzipunguzia alama CV zenye neno la Kiingereza la "wanawake". Niliisoma habari hiyo wakati ule, nikatikisa kichwa. Mwaka uliofuata nikaketi kuandika chujio langu bila hata kulijaribu kwa CV ishirini.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilianza kutumika Novemba 2019, mwezi mmoja kabla ya zile chapati. Kifungu cha 35 kinakupa haki, isipokuwa katika hali chache, ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Na pale mashine inapoamua peke yake, unapaswa kujulishwa kwa maandishi, nawe unaweza kuomba uamuzi uangaliwe tena. Wakenya wengi hawajawahi kuitumia. Ijue.

Januari 2020 nilirudi kazini nikarekebisha programu. Mstari mmoja wa NFKC, ambao huzirudisha herufi zilizounganishwa ziwe za kawaida, na mistari mingine michache ya vifupi. Nikaipitisha tena kwenye maombi yaleyale 640. Waliovuka wakawa 79 badala ya 52.

Watu 27. Nafasi ilikuwa imeshajazwa tangu Oktoba. Nilimpelekea afisa orodha, akaisoma yote polepole, akaahidi kuwaanza hao nafasi nyingine ikitokea. Machi mwaka huohuo korona ikaingia Kenya, na nafasi zikafungwa. Sikupata kujua walikoishia. Pengine mmoja wenu anayesoma hapa ni kati yao. Kama ni wewe, naomba radhi.

Binamu yangu alituma maombi mengine 14 kwa CV mpya. Kumi na moja hayakujibiwa, kwa hivyo msiniulize kama hii ni dawa ya kila kitu. Matatu yalijibiwa, na moja likawa kazi. Anasema kwenye mahojiano swali la kwanza lilikuwa, "Hebu tuambie kuhusu hayo maziwa."

Nanyi mnaoandika programu: mkiombwa chujio, andikeni, lakini mwombeni mtu afungue kwa mkono angalau faili ishirini za waliotupwa, kabla ya kumpigia simu yeyote aliyevuka. Ingenichukua alasiri moja tu.

Hadi wakati mwingine, kwaherini.