Klachi ya Mjomba

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwenye trekta Ifakara alijulikana kuliko diwani. Mjomba wangu alikuwa na Massey Ferguson 165, akilimia watu Idete, Namwawala na hata ng'ambo ya Mto Kilombero, ambako trekta lilivushwa kwa kivuko. Malipo mara nyingi yalikuwa magunia ya mpunga, tena baada ya mavuno.

Klachi ya trekta lile ilikuwa na tabia ya kuisha kati ya Desemba na Februari, mbuga ikiwa imelainika kiasi cha kupitisha plau na mafuriko hayajafika. Mjomba akikanyaga mafuta, injini inanguruma, trekta limekaa palepale, na harufu ya ferodo iliyoungua inakufikia kabla yeye hajashuka. Ukizikosa wiki hizo, Machi inakukuta maji yametanda, na mkulima aliyekuwa akikusubiri amesharudi kwenye jembe la mkono.

Ili kuifikia klachi, trekta linakatwa katikati: injini na magurudumu ya mbele upande huu, giaboksi na matairi makubwa upande ule. Kreni hatukuwa nayo. Tulikuwa na jeki, magogo ya mninga na vijana wa kusukuma, na mzee mmoja fundi aliyejifunzia kazi kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu. Klachi yenyewe ilikuwa na pleti mbili kwa pedali moja: ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama, ukikanyaga hadi chini na shafti ya nyuma inayoendesha mashine nayo inasimama. Pleti ya magurudumu ndiyo iliyokuwa ikifa. Ferodo ililiwa hadi vichwa vya ripiti vikaanza kuchora mistari kwenye fulaiwili.

Pleti mpya zilikuwa Dar es Salaam, na Dar ilikuwa safari ya treni ya TAZARA. Kwa hiyo mzee alizing'oa ripiti kwa patasi, akakata ferodo nyingine, akaitoboa na kuigonga upya kwa ripiti za shaba. Kila alipomaliza moja alipitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, ripiti haijazama vya kutosha, anairudia. Kisha alichonga kijiti cha kushika pleti katikati wakati wa kufunga prisha inayoibana, maana pleti ikikaa upande kidogo tu shafti ya giaboksi haiingii, na vijana watasukuma hadi magharibi.

Mimi nilifundishwa kuendesha baada ya matengenezo kama hayo. "Mjomba," aliniambia mwenye trekta, "mguu ukimaliza kazi uushushe. Juu ya pedali si mahali pa kupumzikia."

Mwaka 2009 ikaja kampeni ya Kilimo Kwanza, na pawatila, trekta ndogo za kushikwa kwa mkono, zikamiminika wilayani. Zilisemwa sana, na sehemu nyingine ni kweli zilistahili kusemwa: kwenye udongo mkavu na mgumu zilihangaika. Lakini kwa majaruba yetu ya matope, na ekari mbili tatu za mtu wa kawaida, mimi naona zilifika nyumbani. Nilinunua iliyotumika, ya Kichina, ya nguvu za farasi 12.

Klachi yake imo ndani ya puli inayozungushwa na mikanda, na unaiamuru kwa mkono. Ikiteleza, hakuna kinachokatwa katikati. Fundi anakuja shambani na pikipiki, anavua mikanda, anafungua puli chini ya mwembe, anatoa pleti na kukagua beringi, ambayo maji ya jaruba huiharibu mapema. Penye ujuzi ni vile vidole vitatu vinavyosukuma prisha. Lazima viguse kwa pamoja; kimoja kikitangulia, klachi inashtuka ukiiachia na haikati sawasawa ukiivuta. Fundi wangu huvipima kwa kipande cha bledi ya msumeno.

Vipuri navyo vimesogea. Daraja la Magufuli lilifunguliwa mwaka 2018, urefu wa mita 384, juu ya mto uliokuwa ukitusubirisha kivuko, na pleti naiagiza kwa simu, nalipa kwa simu. Kugonga ferodo hakuna anayehangaika nako tena. Sililii siku zile, nimesukuma magiaboksi ya kutosha. Ila ferodo ya yule mzee ilimaliza misimu, na hizi za leo nyingine hazimalizi mmoja. Muuza duka huniuliza, "Unataka ya kawaida au ya uhakika?" Zote mbili, ukizitazama mkononi, zinafanana rangi mpaka boksi.

Sasa nagombana na kijana anayeniendeshea. Anashikilia mkono wa klachi nusunusu kila anapokata kona, na ndiko pleti inakoungulia. Nikimwambia auvute wote au auachie wote, ananijibu, "Mzee, ukiiachia ghafla kwenye tope inanyanyua pua. Njoo uishike wewe." Nami, kwa umri huu, siendi.